Boksi la TV la kampuni ya simu: chaguo limeongezeka ama ni waya tu umebadilika?

Swali kutoka kwa msomaji wa Migosi, Kisumu:

"Habari fundi. Kuna vijana wa kampuni moja ya simu wamepita kwa ploti yetu wanasema wakituwekea faiba watatupatia na boksi la TV humo humo, chaneli zaidi ya mia, ati tung'oe dishi tuache kulipia king'amuzi. Mzee wangu ni wa mpira, watoto ni wa katuni, na mama mkwe anaishi na sisi, yeye ni habari na Ramogi basi. Hiyo TV ya intaneti inatupatia uhuru wa kuchagua kweli ama tunahamisha tu pesa kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine? Mkataba ni wa mwaka na wanataka jibu mwisho wa mwezi."

Jibu:

Dadangu, umefanya vizuri kutaja nani anatazama nini hapo nyumbani, manake jibu lote liko hapo. Mtu akiniuliza tu "hii TV ya intaneti ni poa?" sina la kumwambia, lakini ukisema mzee ni mpira, watoto katuni na mama ni habari na Ramogi, sasa tunaweza kuongea. Nikupe jibu kwanza halafu nieleze. Intaneti yenyewe ikiingia kwa nyumba itawapanulia cha kutazama, tena sana. Lile boksi la TV ambalo kampuni inaliweka juu ya hiyo intaneti litaongeza kidogo tu, na upande wa mpira huenda lisiongeze kitu. Hivyo ni vitu viwili tofauti na hao vijana wanawauzia kama kimoja, na hapo ndipo watu wengi wanapotea.

Acha nianze na vile inafanya kazi, kwa sababu ukielewa hapo hata hiyo hesabu ya chaneli mia haitakubabaisha tena. Dishi lako sahii linapokea chaneli zote kwa mpigo, zinashuka kutoka setilaiti utazame usitazame, na kazi ya king'amuzi ni kuchagua moja na kukufungulia kama umelipa. Eriali nayo ni vivyo hivyo, mtambo unarusha kila kitu, TV inachagua. TV ya kampuni ya simu haiko hivyo. Kwa ule waya wa faiba chaneli haiji mpaka uiitishe, yaani ukibonyeza rimoti boksi linatuma ombi kwa mitambo ya kampuni na hiyo chaneli moja ndiyo inaletwa kwako, ukibadilisha ile ya kwanza inakatwa na nyingine inakuja mahali pake, yote hayo kwa muda mfupi sana hata wewe huoni tofauti na dishi.

Sasa angalia hiyo inazaa nini. Kwanza orodha ya chaneli inaweza kuwa ndefu vile wanataka bila waya wako kubanwa, kwa hivyo kusema mia ama mia tatu ni rahisi, ni suala la kampuni kupata vibali vya chaneli za bei ya chini za huko nje ambazo hakuna mtu Migosi amewahi kuziulizia. Pili, kwa sababu kila kubonyeza ni ombi, kampuni inaweza kujua kila kitu mnachotazama na saa mnayokitazama, kitu ambacho mtambo wa kurusha kwa eriali hauwezi kujua kabisa, na ni haki yako kuuliza hiyo habari wanaifanyia nini. Tatu, na hii ndiyo watu husahau, kinachobana si idadi ya chaneli, ni idadi ya skrini zinazowaka kwa pamoja. Kule Marekani kampuni ya simu ya AT&T ilipoanzisha TV yake ya U-verse mwaka 2006, ikianzia San Antonio, Texas, orodha ilikuwa ndefu tu vizuri lakini waya wa mwisho wa kuingia nyumbani ulikuwa ule wa shaba wa simu, na miaka ya mwanzo nyumba nzima ilikuwa ikipata chaneli moja ya HD kwa wakati mmoja, baadaye ndio wakapandisha zikawa mbili. Chaneli mia kadhaa, lakini baba na watoto bado wanagombania skrini.

Faiba haina huo udhaifu wa shaba, lakini pakeji uliyolipia iko na mpaka wake. Netflix wenyewe wanapendekeza spidi ya mega 3 kwa sekunde kwa picha ya HD ya kawaida, mega 5 kwa HD kamili na 15 kwa ile ya 4K. Kwa nyumba yenu, mzee kwa sebule na HD kamili, watoto na katuni kwa tableti, na mtu mmoja kwa simu, mega 10 hivi kwa karatasi zinatosha lakini hazibakishi kitu. Halafu kuna ukuta. Rauta wataweka mahali ambapo waya umeingilia, mara nyingi nyuma ya mlango, TV iko upande ule mwingine wa ukuta wa mawe, na picha ikianza kuzunguka utasema kampuni ni mbaya kumbe ni waifai haifiki. Mwambie fundi wao avute kebo ya mtandao kutoka rauta mpaka nyuma ya TV siku hiyo hiyo ya kuweka, kabla hajapanda pikipiki aende, kwa sababu kumrudisha ni kazi.

Faida ya kweli ya TV ya kampuni ya simu ikiwa imefanywa vile inafaa ni kwamba inapita kwa njia yake iliyotengwa ndani ya mtandao wa kampuni, haichanganyiki na msongamano wa saa mbili usiku wakati ploti nzima iko YouTube. Hiyo siikatai, ni kitu kizuri. Lakini siku hizi nyingi ya hizo boksi ni za Android tu zenye apu ya kampuni ndani, na hiyo apu inapita kwa intaneti ya kawaida kama apu nyingine zote. Utajuaje ni gani? Waulize hao vijana maswali mawili. Nikiwasha TV, je, spidi yangu ya intaneti inaliwa? Na hiyo apu naweza kuifungua kwa simu nikiwa kazini kwa intaneti ya kampuni nyingine? Wakisema ndiyo kwa yote mawili, basi wanachokuuzia ni apu, na apu unaweza kuipata bila kufunga ndoa ya mwaka na mtu yeyote.

Sasa mpira, manake najua hapo ndipo vita vya nyumba yenu viko.

Mechi haionyeshwi na mwenye waya, inaonyeshwa na mwenye haki. Ligi ya Uingereza huku kwetu haki ziko na SuperSport ya MultiChoice, ambayo tangu Septemba 2025 iko chini ya Canal+ ya Ufaransa. Kama mzee anamfuata Gor kwa ligi ya nyumbani, Azam TV ndio walichukua haki za ligi kuu ya Kenya mwaka 2023 kwa mkataba wa miaka saba, lakini hakikisha kwanza kama bado ziko nao. Kampuni ya simu inaweza kuweka faiba ya dhahabu mpaka chumbani, lakini kama haijaketi chini na hao wenye haki ikalipa, Jumamosi saa moja jioni boksi lao litakuonyesha watu wanne wakichambua mpira ambao hawaruhusiwi kuuonyesha. Kwa hivyo swali la kuuliza si "iko na chaneli za michezo?", manake jibu ni ndiyo kila mara, iko na michezo ya kila aina, mpaka mieleka na mbio za magari. Uliza ligi kwa jina, na uwaambie wakuwashie mechi yenyewe uione ikicheza, si picha ya nembo kwa karatasi ya matangazo.

Na hata ikiwa iko, kuna jambo la kuchelewa. Mpira unaopita kwa apu ya intaneti huchelewa, mara nyingi kwa nusu dakika hivi nyuma ya dishi, kwa sababu picha inakatwa vipande, inahifadhiwa kidogo, halafu inatumwa. Kwa ploti ya Migosi ambapo kuta zinasikizana, jirani mwenye dishi atapiga kelele ya goli na mzee wako bado anaona kipa akiweka mpira chini apige. Kwa wengine hiyo si kitu, lakini nimeona watu wazima wakirudisha boksi kwa ajili ya hiyo peke yake na sikuwalaumu.

Kuna kundi lingine nalo lazima nilitaje kwa sababu linatumia jina hilo hilo la TV ya intaneti, hao wanaouza kwa mtandao chaneli elfu kadhaa kwa mia tano kwa mwezi, mpira wote duniani ndani. Huo ni wizi, haki hazijalipwa, na sheria yetu ya hakimiliki ilirekebishwa 2019 ikaweka wazi vile kampuni za intaneti zinaweza kutakiwa kuondoa ama kufunga vitu kama hivyo. Lakini hata ukiacha sheria kando, hiyo kitu hukatika siku ya mechi kubwa haswa, wakati kila mtu anaitafuta na wenye haki wanaiwinda, na hapo huna ofisi ya kwenda wala namba ya kupiga, pesa ya M-Pesa ilishaenda. Usiingize hiyo kwa nyumba yenye watoto, matangazo yanayotokea humo hayana adabu.

Nirudi kwa swali lako kubwa, kama kampuni za simu zikiingia kwa TV zinabadilisha chaguo la mtazamaji. Hii imejaribiwa kwingine kabla yetu kwa hivyo hatuhitaji kubahatisha. Marekani, Verizon, kampuni nyingine ya simu, ilianza kuuza TV yake ya faiba mwaka 2005 kwa mji mdogo wa Keller, Texas, AT&T ikafuata mwaka uliofuata, na ahadi ilikuwa hii hii, mtatoka kwa mikono ya kampuni ya kebo, mtachagua. Kilichobadilika ni bei zaidi. Hata kabla ya hapo ofisi ya ukaguzi ya bunge lao ilikuwa imepata kwamba mahali kampuni mbili za waya zinashindana, bei ya kebo ilikuwa chini kwa kama asilimia 15. Hiyo ni pesa, si mchezo. Lakini cha kutazama kilibaki kile kile, kwa sababu wenye chaneli waliuzia kampuni zote kwa fungu moja, ukitaka ile moja maarufu beba na hizi nyingine kumi, na kampuni ikamwekea mteja fungu lile lile. Halafu AT&T ikanunua DirecTV ya setilaiti mwaka 2015, na kufika 2020 ikaacha kuuza hiyo U-verse TV kwa wateja wapya. Yaani kampuni ya simu TV si roho yake. Ni chambo cha kuuza intaneti, na hesabu zikibadilika inaiacha, na wewe ulishang'oa dishi.

Ufaransa nayo ilienda tofauti na inafaa tuiangalie, manake inaonyesha ni nini hasa kinacholeta mabadiliko. Free, kampuni ambayo haikuwa na waya wake, ilikuja na intaneti ya euro 29.99 mwaka 2002, mwaka uliofuata ikaongeza TV na simu ndani ya bei ile ile, na soko lote likalazimika kuifuata. Iliwezekana kwa sababu serikali iliilazimisha kampuni kubwa ya zamani kukodisha nyaya zake kwa washindani, kwa hivyo mtu wa nyumba moja angeweza kuhama kampuni bila nyaya mpya kuchimbwa. Kilicholeta uhuru ni ule uwezo wa kuhama. Sanduku lenyewe lilikuja baadaye.

Sasa hapa kwetu uwezo wa kuhama uko wapi? Uko kwa lango la ploti, na funguo anazo mwenye nyumba. Kila kampuni inavuta faiba yake, na mimi nikienda kazi Migosi, Mamboleo, hata Nakuru upande wa Lanet na Free Area, naona ploti baada ya ploti ambapo kampuni moja imeingia, imepigilia boksi lake ukutani pale ngazini, na msimamizi wa ploti anamwambia mpangaji "hapa ni hii tu, hao wengine hawaruhusiwi." Hilo linaniudhi kuliko kitu kingine chochote kwa hii kazi. Mpangaji analipa kodi, analipa intaneti, na bado hana sauti ya kusema nani aingie kwake. Kwa hivyo kabla hujatia sahihi kitu, uliza mwenye ploti kama kampuni ya pili inaweza kuingia. Akisema hapana, jua mwaka ukiisha hutakuwa na pa kwenda, na hao vijana wanajua hivyo, ndiyo maana wanapita nyumba kwa nyumba na mkataba mkononi badala ya kukungoja ofisini.

Na tusisahau hii kitu si ngeni Kenya. Safaricom ilileta Big Box mwaka 2015, boksi la Android lenye kupokea TV ya digitali na kuwa waifai ya nyumba kwa pamoja. Lilikuwa wazo zuri lakini ukiangalia kwa makini, chaneli za hapa nyumbani zilikuwa bado zinaingia kwa eriali kama king'amuzi kingine chochote, na vitu vya intaneti vilikuwa vinakula data. Kwa miaka ile data ndiyo ilikuwa shida. Ukitazama HD kamili inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa moja, kwa hivyo familia ya kutazama saa mbili kila jioni inaelekea GB 180 kwa mwezi, hebu fikiria hiyo kwa bando ya simu. Faiba isiyopimwa ndiyo imeondoa hicho kizuizi, na hapo ndipo mabadiliko ya kweli yameingia, Netflix ilikuwa imefika Kenya tangu Januari 2016 lakini nyumba ya kawaida haikuweza kuitumia kwa TV.

Tena kuna mabadiliko ambayo sisi watu wa Kisumu tumeyaona kwa macho yetu na hayana uhusiano na boksi la mtu. Februari 2015 wakati wa kuhamia digitali, Citizen, NTV na KTN zilikuwa zimezimwa karibu wiki tatu kwa ule mvutano wa nani atarusha mawimbi, na mwenye TV alikuwa hana la kufanya. Miaka mitatu baadaye, Januari 30, 2018, siku Raila alijiapisha Uhuru Park, serikali ikazima vituo hivyo tena, lakini safari hii vituo vikaendelea kurusha kwa mtandao na watu wakawa wamezunguka simu moja kwa duka wanatazama. Hapo chaguo liliongezeka kweli kweli, habari ilikuwa imefungwa njia moja ikapita nyingine. Ila usiniambie intaneti haizimiki. Juni 25, 2024 wakati wa maandamano intaneti ilivurugika nchi nzima, na mwezi uliotangulia zile kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika karibu na Durban tukakaa na intaneti ya kuvuta miguu. Mwaka uliofuata siku hiyo hiyo ya Juni 25 ikawa ni zamu ya TV, mamlaka ya mawasiliano ikaamuru vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja na mitambo ikazimwa, mpaka mahakama ikasimamisha hiyo amri. Mimi nikiambiwa na mtu "ng'oa eriali, sahii ni intaneti tu", hizo siku ndizo zinanijia. Nyumba yenye njia mbili iko na chaguo kuliko nyumba yenye njia moja na chaneli mia tatu.

Basi tuje kwa watu wako.

Mama mkwe ndiye rahisi. Usimguse. Vituo vya bure vya hapa, pamoja na hiyo Ramogi yake, vinakuja kwa eriali bila malipo ya mwezi. Angalia karatasi nyuma ya TV yenu ama kitabu chake, kama imeandikwa DVB-T2 basi TV yenyewe iko na king'amuzi ndani, chomeka eriali moja kwa moja, ingia kwa menyu, tafuta chaneli, umemaliza. Watu wengi wananunua king'amuzi cha chaneli za bure na TV tayari iko nacho. Halafu kuna jambo la rimoti. Mtu mzima aliyezoea kubonyeza namba akitupwa kwa zile skrini zenye picha picha nyingi za apu anapotea, anabonyeza katikati akidhani ni kuongeza sauti anajikuta kwa tangazo la filamu ya kulipia, na mwisho anaacha kuwasha TV mpaka mtu mwingine arudi nyumbani. Chaguo ambalo mwenyewe hawezi kulifikia bila kusaidiwa kwangu mimi si chaguo. Mwachie rimoti yake na chaneli zake kwa namba.

Watoto hawahitaji boksi la kampuni kabisa. Wao ni YouTube, na hiyo wataipata na intaneti tupu, kwa TV kama iko na hizo apu ama kwa boksi dogo la Android ambalo unanunua mara moja likawa lako. Lakini hapa nikuambie bila kuzunguka, kwa watoto intaneti inafungua zaidi ya vile mzazi angependa. Kwa TV ya kawaida kuna mtu kwa kituo aliyekaa akaamua katuni ni saa ngapi na nini hakipiti kabla ya usiku. Kwa YouTube huyo mtu hayuko, video moja inaita nyingine, unatoka jikoni unapata mtoto ametoka kwa nyimbo za ABC amefika mahali hata wewe hujui amefikaje. Weka YouTube Kids, weka nambari ya siri kwa zile apu nyingine, zima ile ya kucheza video inayofuata yenyewe, na TV ibaki sebuleni mahali unaiona. Ni kazi, najua, na hakuna pakeji itakufanyia.

Mzee sasa. Usikubali dishi ling'olewe. King'amuzi cha kulipia kiko na uzuri mmoja ambao watu hawautumii, unalipa mwezi unaotaka. Ligi ya Uingereza inaanza Agosti inaisha Mei, Juni na Julai hakuna kitu, acha kulipa hiyo miezi. Wiki za mechi za timu za taifa pia unaweza kupanga tarehe yako ya kulipia vizuri. Hiyo ni nguvu uko nayo tayari, na mkataba wa mwaka ndio unakunyang'anya. Ama kama mzee anajali ligi peke yake na simu yake ni nzuri, aangalie kama wenye haki wanauza apu yenyewe kwa mwezi, atumie na hiyo hiyo faiba, na akubali kusikia goli la jirani kwanza. Waketi wapige hesabu yeye na wewe, bei za pakeji hubadilika sana kwa hivyo chukueni za wiki hii, msiamini za mwaka jana.

Kwa hivyo mimi ningekuwa wewe ningechukua intaneti, manake hata kazi za shule za watoto zinaitaka, na ningeacha boksi. Waambie vijana wakupe bei ya faiba bila TV. Kama wakisema bei ni ile ile na boksi ni la bure, chukua boksi lakini hakikisha kwenye karatasi imeandikwa halina malipo mengine baada ya miezi ya ofa, kwamba ukilirudisha intaneti haikatwi, na ukihama ploti, manake wapangaji huhama, hawatakudai miezi iliyobaki kama huko unakoenda hawana waya. Hiyo ya kuhama ndiyo imewaumiza watu wengi ninaowafahamu, mtu amehamia mtaa ambao kampuni haijafika na bado anatumiwa ujumbe wa deni.

Usipeane jibu kwa mlango. Waambie wakuachie mkataba, si ile karatasi ya rangi yenye picha za wachezaji, mkataba wenyewe, piga picha kurasa zote mpaka ile ya nyuma yenye maandishi madogo, ficha jina na namba zako unitumie, niangalie hapo kwa kuvunja mkataba wameandika nini kabla mwezi haujaisha.